Mama Yangu Hajazaliwa

Mama mkwe wangu ameshazaliwa mara saba, na kwa jinsi wanawe wanavyoendelea, bado hajamaliza. Mama yangu mzazi hajazaliwa hata mara moja.

Nieleze, maana msomaji wa kutoka mbali anaweza kudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kwetu, huku chini ya Mlima Kenya, mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu au kwa sababu mama yake alilisikia kwenye televisheni. Majina yana foleni. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni mama wa baba yake, na wa pili ndiye mama wa mama yake. Wala hatusemi kwamba mtoto amepewa jina la nyanya yake. Tunasema nyanya amezaliwa. Siku hiyo mwanamke wa miaka sabini hufunga kitambaa kipya kichwani, akaenda kujitazama mwenyewe akiwa ndani ya shali, ananyonya.

Foleni hii ilitungwa na watu waliokuwa wakizaa. Mama yangu ni mmoja wa watoto kumi na mmoja. Shosho, yaani mama yake, alizaliwa mara nyingi hivi kwamba nikiwa mdogo nilidhani jina lake ni neno la kawaida tu la kumwita msichana yeyote. Hakuna aliyejiuliza kama zamu ya huyu au yule itafika, kwa sababu zamu ilifika. Siku hizi foleni ni ile ile, ila dirisha linafungwa baada ya mtu wa kwanza kuhudumiwa.

Nyumbani kwangu, Ruring'u, aliyehudumiwa ni mama mkwe. Nina binti mmoja, wa miaka kumi na minne, na binti huyo ni mama yake mume wangu. Mume wangu hamwiti kwa jina. Akirudi jioni kutoka shuleni anakofundisha, husimama mlangoni na kuuliza, "Mami, umekula?" na mtoto hujibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba amekula. Mimi nami, nikikuta vikombe vimetapakaa sebuleni, humwita mama mkwe. "Mama mkwe, njoo uoshe vikombe vyako." Anacheka, tunacheka wote. Lakini yale maneno ya mume wangu, "Mami, umekula?", nimeyasikia kila jioni kwa miaka hii yote, na nasema wazi kwamba nayaonea wivu. Anamwita mama yake mdogo. Mimi sina wa kumwita.

Binti yetu alipozaliwa nilimtuma mume wangu kwa mama yake, akamwombe kama anaweza kupisha. Wakati huo alikuwa ameshazaliwa mara nne tayari. Mama mkwe alicheka vizuri tu, akamwambia, "Wa pili si atakuwa wa mama yake? Haraka ni ya nini? Kwani mmefunga duka?" Sikumlaumu. Duka hatukuwa tumefunga. Tulisema tu tupumue kidogo, vyumba vilikuwa viwili, mtoto alikuwa na kifua kibaya cha baridi ya Nyeri, na mimi ndiyo nilikuwa nimeanza kusimama na kazi yangu. Tulipomaliza kupumua, mwili wangu ulikuwa na maoni yake. Mimba mbili ziliondoka mapema, kabla hata sijamwambia mama. Daktari alizungumza nami kwa upole ambao sikuupenda, ule upole wa mtu ambaye hatakuona tena.

Majirani hawakujua, na hawakuuliza. Wao waliniambia tu, "Huyu msichana mwongezee mwenzake," kana kwamba mtoto ni chai. Nilijifunza kuwajibu vibaya. Mmoja nilimwambia aniongezee yeye, ana nguvu, na tangu hapo ananisalimia kwa mbali.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashini, katika kibanda mjini Nyeri, nyuma ya stendi. Nilipokuwa nikifundishwa kazi hii, mama wa watu alikuwa akija na watoto wanne wameshikilia sketi yake. Alinunua sweta moja, kubwa kupita kiasi, ya yule wa kwanza. Hao wengine walikuja kuiangalia tu, kwa sababu itawafikia. Ingeteremka kutoka mmoja hadi mwingine mpaka viwiko vitoboke, kisha inaletwa kwangu kuwekwa viraka, inaanza safari tena. Siku hizi huja baba na mama wote wawili, mtoto mmoja katikati, kila mtu ameshika mkono wake, na wanataka sweta inayomtosha sawasawa. Mwaka unaofuata wanarudi kununua nyingine. Kwa biashara ni heri, sitajifanya nalia. Lakini kuna asubuhi navuta kola ndogo juu ya kichwa cha mtoto wa watu, nywele zinasimama, macho yanatokea yakiwa yamefumba, na nahisi mikono yangu inataka kuchelewa pale. Namtamani yule ambaye hakuja. Angekuwa na kelele, najua, kwa sababu mama yangu ana kelele.

Mama anaishi Endarasha, juu kabisa, mahali ambapo viazi huunguzwa na baridi na asubuhi nyingine shamba huonekana kama limemwagiwa chumvi. Alizaa watatu tu. Kwa wakati wake watatu walikuwa jambo la kuonewa huruma, lakini sote tulitolewa kwa operesheni, na baada ya ile ya tatu hospitali ilimwambia basi. Hakulalamika. Alihesabu kwamba watatu, kila mmoja akizaa hata wachache, atazaliwa vya kutosha.

Hesabu yake ilianza kuharibika na kaka yangu mkubwa, ambaye aliitwa na Mungu. Ni kasisi. Siku ya upadirisho wake mama alikaa kiti cha mbele, akavikwa shada, na tangu siku hiyo Endarasha nzima inamwita Mama Fatha. Ni heshima kubwa. Hapangi foleni kwenye kituo cha maziwa. Lakini fatha hazai, na akizaa ni kesi. Kisha nikaja mimi na huyu wangu mmoja, ambaye ni wa upande wa pili. Akabaki mdogo wetu, aliyekwenda Kanada kusoma, akapata kazi, akapata mke wa huko huko, na akiulizwa mambo ya watoto alikuwa akisema "bado" kwa miaka mingi hadi tukaacha kuuliza. Kwake ndiko zamu ya mama ilikuwa karibu zaidi, maana msichana wa kwanza wa mtoto wa kiume ni mama yake. Msichana mmoja tu angetosha.

Mwaka jana akapiga simu kusema mkewe ana mimba. Walikuwa wote wamefika arobaini.

Nilikuwa Endarasha siku hiyo, mimi ndiye niliyemshikia mama simu. Alilia, akacheka, akauliza kama huyo msichana wa watu anakula vizuri. Ndugu yangu akasema hawataki kuambiwa ni mvulana au msichana mpaka siku yenyewe, lakini akiwa msichana, jina wanalijua. Akampisha mkewe mbele ya kamera. Yule mwanamke, uso mwekundu, nywele zimefungwa juu ovyo, akavuta pumzi na kulitamka jina la mama yangu polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Alikosea kidogo mwishoni, akarudia.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Haiya! Jina yangu imeenda Kanada na mimi sijafika hata Mombasa!" Akamwambia arudie tena. Akarudia. Akamwambia tena.

Miezi iliyofuata ilimgeuza mama msichana. Aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba anakaribia kuzaliwa, nao wakaagiza picha ya tumbo la mkaza mwana, wakaipitisha mkono kwa mkono baada ya misa, na kwa kauli moja wakaamua ni msichana, kwa sababu uso umevimba. Mimi nilitumwa sokoni Karatina kununua njahi, yale maharagwe meusi tunayowapikia akina mama waliotoka kujifungua ili maziwa yashuke. Nikazipeleka Endarasha. Mama akakaa uani na ungo mapajani, akazichambua moja moja.

"Mama, hizi watazitupa kwa airport," nikamwambia.

"Wazitupe. Lakini kwanza waulize ni za nini."

Mimi pia nilifuma. Niliacha maagizo ya shule yakanisubiri, nikafuma kisweta cheupe chenye vifungo vidogo. Na nilipokuwa nikifuma nilipatwa na kitu ambacho sikukitarajia, wivu kwa ndugu yangu mwenyewe, mtoto niliyembeba mgongoni. Yeye ndiye angemwita mtoto wake mami. Yule mami aliyekuwa awe wangu angekwenda kuzaliwa Kanada, akue akiongea kwa pua, na mimi ningemwona kwenye kioo cha simu. Niliona wivu na bado nilimtaka. Nilimtaka kwa nguvu kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nilipoacha kujitakia mwenyewe. Akija, nilijiambia, nitakuwa nimelipumzisha tumbo langu.

Alizaliwa mwezi wa saba, wakati huku kwetu hakuna jua na watu wanavaa koti hata ndani ya nyumba. Ndugu yangu alituma ujumbe kwamba kila kitu ni salama na kwamba atapiga mchana wa saa zetu. Nikafunga kibanda, nikamchukua binti yangu, tukapanda Endarasha. Njiani aliniuliza kama ni lazima majina yafuatane hivyo.

"Si mtu aandike tu ile anataka?"

"Na wewe ukizaa utaandika gani?"

"Mum, mimi sidhani kama nitazaa. Labda niweke paka." Alisema bila ubaya wowote, akarudisha visikizio vyake masikioni. Nilimtazama huyu mama mkwe wangu mdogo.

Mama alikuwa amevaa nguo ya Pasaka. Tulisimamisha simu mezani, tukaiegemeza kwenye chupa ya chai, tukakaa watatu mbele yake. Ndugu yangu alitokea akiwa hajanyoa, macho mekundu, na mikononi ana kitu kidogo kilichofungwa. Akakisogeza karibu na kamera, tukaona kipaji cha uso, na mimi nikajua kabla hajasema, kwa sababu kile kipaji nilikuwa nimekitazama utotoni mwangu wote upande wa pili wa meza.

"Mama," akasema, "baba amerudi."

Ni mvulana. Marehemu baba yetu alikuwa amezaliwa.

Nilimtazama mama. Hakuchelewa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi ambavyo hakuchelewa. Alisimama, akajirekebisha kitambaa, akapiga vigelegele. Kwetu mvulana hupigiwa vitano na msichana vitatu, na mama alipiga vyote vitano, virefu, peke yake, ndani ya chumba kile cha mabati, bila mwanamke yeyote kumpokea, hata mimi. Cha tatu kilipokwisha nilidhani atanyamaza. Akavuta pumzi akaendelea. Kule Kanada mtoto alishtuka akaanza kulia, na mama akamwambia, "Usilie, mzee. Ni mimi." Akamsalimia kama mume. Akamuuliza mbona alikaa sana.

Tuliongea, tukacheka. Mkaza mwana akatokea amelala, amechoka, akatupungia mkono. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huyu akikua kidogo, si mtamletea dada?"

Ndugu yangu akamtazama mkewe ambaye sasa hakuonekana kwenye simu. "Mama, ni huyu tu. Imekuwa ngumu sana. Tumeshakubaliana."

"Sawa," mama akasema. "Sawa kabisa. Mungu amebariki. Mpe mama yake uji."

Simu ilipokatika akavua kitambaa kizuri, akafunga kile cha kazi, akachukua jembe na ndoo, akasema atatuchimbia viazi vya kubeba. Binti yangu alibaki ndani na simu. Mimi nilikaa kidogo, nikikunja na kukunjua mikono, halafu nikamfuata. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msitu wa Nyandarua na kondoo walikuwa wamejibanza kando ya ua.

"Mama, umekasirika?"

"Nikasirike na nani? Bwana yangu amezaliwa. Nimefurahi mpaka koo inauma." Akachimba, akainua shina, akakung'uta udongo.

"Mimi nimekasirika," nikasema, na ikatoka kama nilivyoihisi. Nilimwambia nimekasirikia foleni, nimekasirikia mama mkwe na kucheka kwake, nimemkasirikia mdogo wangu, fatha, Kanada na hili tumbo langu. Nikamwambia kuhusu zile mimba mbili. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikamwambia kwamba nitakwenda nibadilishe jina la huyu niliye naye, niwe na kesi na ukoo mzima wa mume wangu, potelea mbali.

Mama aliacha jembe limesimama ardhini. Akanipangusa uso kwa upande wa mkono ambao haukuwa na udongo.

"Pole, mtoto wangu. Pole ya hizo mbili." Akangoja mpaka nikatulia. "Lakini huyo mwachie mwenyewe. Mtoto si gunia ati umbadilishe alama. Na mimi si ati nataka kuishi milele. Unajua nilikuwa nataka nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuwa nataka kusikia. Hiyo tu. Baba yenu ndiye alikuwa ananiita. Dada zangu walikuwa wananiita. Wote wameenda. Kwenu mimi ni mama, kwa huyo msichana ni shosho, kwa hawa watu wote ni Mama Fatha. Hiyo jina yangu siku hizi inaitwa na daktari peke yake, na yeye anasoma kwa karatasi. Sasa nilikuwa nafikiria, nikikaa hapo nje na kiti yangu, kutakuwa na mtoto anaitwa. Njoo ukule. Toka kwa matope. Na kila mara nitageuka, nijue si mimi, nirudi kuketi." Akacheka kidogo. "Hiyo kugeuka ndiyo nilikuwa nangoja."

Nilitazama viazi ndani ya ndoo.

"Niite wewe," akasema.

"Mama!"

"Niite. Enda pale kwa mlango uniite kama unaita mtoto."

Nikacheka, kwa woga. Kwetu mtu hatamki jina la mzazi wake hivi hivi, likiwa uchi, bila mama wala baba mbele yake. Hata hospitalini, nikiulizwa jina la mgonjwa, hulitaja kwa sauti ya chini na macho nikiyaweka kwingine. Nikamwambia hayo ni matusi.

"Ni matusi kama mwenyewe hataki. Mimi mwenyewe ndiye nimesema. Nani atasikia? Kondoo?"

Akachukua jembe na kunipa mgongo. Nikapanda hadi mlangoni pa jikoni. Nilipogeuka alikuwa mbali kuliko nilivyodhani, mdogo, koti kubwa la marehemu baba likimfika magotini, ukungu umekata shamba nusu. Nikafungua mdomo. Jina likatoka dogo na kavu, na wala halikufika.

"Sijasikia!" akapaza sauti bila kugeuka.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Lakini nilivuta pumzi, nikaliita tena, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikiivuta ile silabi ya mwisho kama mama anayemtaka mtoto nyumbani kabla chakula hakijapoa. Binti yangu akatoka ndani akiuliza kuna nini. Kule chini mama yangu aligeuka. Akatupa jembe.

"Ĩĩ!" akaitika, sauti nyembamba, ya juu, ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nakuja!"

Akaja mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu, ameshika koti kwa mikono miwili asije akalikanyaga, anacheka, machozi yanateremka. Alipofika mlangoni hakuingia. Alishika mwimo akihema, akanitazama kutoka chini, kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya kizingiti.

"Tena," akasema.